Albamu ya Kumi na Moja

Nimeisikiliza ndani ya shimo la lifti, mjini Herne,
jengo la ghorofa tisa, kamba za chuma zikining'inia,
hedifoni za binti yangu Wiebke masikioni,
mikono imejaa grisi.
Hapa ndipo pa kuipima hevi metali:
chuma kwa chuma, na hakuna wa kupiga makofi.

Niseme mapema, nisije nikaambiwa nina kijicho:
mimi ndiye niliyewapigia besi kabla hawajaitwa Zinkhammer,
katika gereji ya baba yake Volkmar, miezi kumi na minne,
mpaka jioni waliponiambia, kwa upole,
kwamba vidole vyangu vinachelewa.
Vilikuwa vinachelewa. Yamekwisha hayo.

Basi haki yao kwanza.
Volkmar ana miaka sitini na mbili na goti la kubandika,
lakini wimbo wa pili ukianza, ngoma zake
zinashuka ngazi kwa vishindo kama mtu anayehama usiku
na kabati zima mgongoni, asiyejali nani amelala.
Hapo nililegeza spana.
Na ule wa tano, usio na maneno,
gitaa la Detlev likisaga polepole, likisaga, likisaga,
mpaka ibaki noti moja,
nyembamba, kama waya wa balbu kabla haujakatika.
Huo nimeurudia mara nne,
hata mama wa ghorofa ya sita akagonga mlango wa lifti
kuuliza kama nimekufa.

Sasa ubovu.
Ingolf haimbi tena; mashine inamwimbia.
Sauti iliyokuwa na kutu, iliyokwaruza
mpaka ukaonja sarafu ulimini,
wameipiga msasa, wakaipaka vanishi,
imekuwa mlango wa benki.
Moto ameutaja mara thelathini na moja, nimehesabu,
wala hakuna hata mmoja unaounguza.
Wimbo wa mwisho una dakika kumi na mbili;
tano ni za kuaga,
kama mgeni aliyeshika kitasa na hatoki.

Na wa saba.
Wa saba ulinisimamisha.
Besi ile — tam, tam, kimya, tam —
ni yangu. Niliitunga baridi ya themanini na nne,
hita ya gereji imekufa, vidole nimevivika soksi zilizokatwa.
Jina langu halimo kwenye jalada. Nimelitafuta kwa tochi.
Miaka arobaini nimeiweka akiba hasira yangu kwa siku kama hii;
nikaketi juu ya paa la lifti, nikaurudisha nyuma wimbo,
nikausikiliza kama fundi anavyosikiliza mota,
bila huruma, bila undugu.

Inachelewa.

Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, albamu nzima.
Wangeniuliza, ningewaambia waiache.
Nilicheka peke yangu, na shimo likacheka nami
kutoka chini kabisa, kwa sauti nzito zaidi.
Kisha nikakaza boliti ya mwisho, nikabonyeza sita,
nimpelekee yule mama habari
kwamba bado ni mzima.