Kijiti cha Kupimia

Asubuhi ya tisa nazamisha kijiti tangini,
nahesabu hadi kumi, nakitoa, nakipunga hewani
mpaka umande ugande na kuchora mstari mweupe:
sentimeta kumi na moja.
Jana zilikuwa kumi na tatu.

Lori la naitrojeni limekwama njiani.
Gennadi, dereva, kapiga simu: theluji imemeza barabara,
breki zimeganda, anakunywa chai na askari wa zamu.
“Na huko Barnaul, baridi kiasi gani?”
Arobaini na moja chini ya sifuri.
Akacheka. “Basi itoe nje hiyo mimea yako, ikae barazani!”

Gennadi,
baridi hii inayobandua rangi milangoni,
inayogandisha kope zikashikana,
kwa waliomo humu ni tanuri.
Wao wako mia moja tisini na sita chini,
mahali ambapo maji husahau umaji wao,
hayaoti miiba ya barafu, hayachani seli,
yanatulia tu, kama kioo cha dirisha.

Vichupa arobaini na viwili,
kila kimoja na ncha kumi za machipukizi,
ndogo kuliko chembe ya chumvi.
Nilizikata mwenyewe chini ya hadubini, pumzi nimeibana,
nikazilaza kwenye sharubati nzito ya sukari
hadi zikayaachia maji yake kwa hiari,
kisha, chubwi.
Moshi mweupe ukanipanda kifuani. Kimya.

Ni mzizi wa dhahabu, wa milima ya Ulagan.
Shangazi Tandalai aliuleta ndani ya soksi ya sufu.
Ukiukata, hunukia waridi;
maabara nzima ilinukia siku ile, hata koridoni.
“Ule mteremko umekwisha,” alisema.
“Wamekuja na sululu na magunia,
wameng'oa mama, wameng'oa na mtoto.”
Yeye alizoea kuchimba mmoja, kuacha mitatu,
kufunga utepe mweupe mtini, kuomba radhi.
Safari hii alipanda kwa magoti, miaka yake sabini na minne,
akaupata huu mmoja katika ufa wa mwamba
ambapo koleo halipiti.

Alilitazama tangi, akaligonga kwa ukucha.
“Wamelala au wamekufa?”
Daktari Rimma alimjibu kwa hesabu:
katika jaribio tuliamsha thelathini,
kumi na mmoja wakarudi kijani.
“Na wale kumi na tisa?”
Daktari alifuta miwani yake.
Mimi niliandika swali daftarini, kwa penseli.
Bado lipo, ukurasa wa arobaini.

Machi, Shangazi akafa.
Sikuwahi kumwonyesha kile cha dirishani,
majani manne ndani ya chupa ya glasi,
yamenona, yameelekea upande wa mwanga
kana kwamba hayakutoka popote.

Akiba haiozi, wanasema.
Hii haiozi, kweli. Lakini hupungua,
sentimeta mbili kwa usiku,
ikipaa darini bila harufu.

Saa nne za usiku, taa mbili za njano uani.
Gennadi anaburuta bomba, masharubu yake barafu tupu.
Naitrojeni inaingia ikinguruma, inachemka, inatulia;
ukungu unatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyetu.
Anachungulia. “Nini kimo?”
Namtajia.
“Ala! Mama yangu aliunywa huo kila masika, kwa mgongo.
Tulinunua sokoni, kando ya barabara kuu. Rahisi!
Walikuwa wakiuuza kwa magunia.”

Namkaribisha chai. Chai ya kawaida, ya dukani.
Anaishika bilauri kwa mikono miwili, anafumba macho.
Mimi nazamisha kijiti, nahesabu hadi kumi:
sentimeta hamsini na nane.
Naandika tarehe, naandika saa.
Kifuniko, kama kawaida, hakikazwi;
lazima kipumue.