Kuvunjika kwa Mpango

Kilichomuua Elirehema hakikuwa lori.
Lilikuwa pipa, pipa letu wenyewe,
tulilolijaza zege mpaka mdomoni,
tukalipaka nyekundu na nyeupe,
tukalisimamisha Maji ya Chai, penye daraja linalochimbwa,
tukaenda kulala tumeridhika.
Alikuwa na pikipiki na trei mbili za mayai.
Mayai tisa yalisalimika.
Pipa halikusogea hata inchi moja,
na mkandarasi, asubuhi, akalipiga kofi la sifa: "Imara!"

Tangu siku ile neno hilo linanikwaruza koo.

Sasa niko Unga Limited, nyuma ya gereji ya Nanyaro,
na msumeno, na mabomba ya plastiki,
yale mepesi ambayo mafundi bomba huyakataa.
Natengeneza kitu kigumu kukieleza kwa mteja:
kizuizi cha kuonekana kama ukuta
na kuanguka kama bua la mahindi.

Mguu wake naukata kidogo, karibu na shina,
mkato mwembamba kama ukucha,
kikipigwa kijue pa kuvunjikia.
Viroba vya mchanga navilaza chini kabisa.
Juu sitaki kitu kizito, hata taa.
Cha juu gari likikigonga huruka,
na kikiruka kina anwani moja tu,
kioo cha mbele.

Jaribio la kwanza tulilifanyia mteremko wa Kisongo:
pikapu isiyo na injini,
boga limefungwa mkanda kwenye kiti cha dereva.
Namnyaki, mwanagenzi wangu, alilichora macho,
akaliongezea masharubu.
Tukaachia breki.
Ubao ukapita kiooni kama mkuki.
Tulisimama tukitazama mbegu kwenye usukani,
hakuna aliyecheka masharubu.

Jaribio la nne, boga likatoka zima.
Namnyaki alilipeleka kwao, akalipika,
kesho yake akasema halina tofauti na mengine.

Kibao nacho kilikuwa na kesi yake.
Meneja aliniletea karatasi:
WATUMIAJI WA BARABARA MNAOMBWA KUPUNGUZA MWENDO
KUTOKANA NA UJENZI UNAOENDELEA MBELE YENU.
Nikamwambia, soma sasa, uko kilomita themanini kwa saa,
ni usiku, mvua ya Meru inashuka, wiper moja imekufa.
Akasoma.
Nikapiga meza alipofika "mnaombwa."
Alikuwa tayari shimoni.

Tukabakiza mshale, na PUNGUZA,
herufi ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko,
mita mia mbili kabla ya shimo,
maana hofu nayo hutaka nafasi ya kumezwa.
Na kibao cha plastiki, si alumini:
wanunuzi wa chuma chakavu huamka kabla yetu,
ila plastiki haina bei kwenye mizani yao.

Juzi mkandarasi kanipigia, sauti juu:
"Vimevunjika saba wiki hii! Kazi yako haidumu!"
Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani.
Cha kuvunjika kwa mpango hawakukisemea,
nami simuni sikuwa na methali ya kumpa.
Nikamuuliza, na watu?
Watu gani?
Waliovigonga.
Akanyamaza. Hakuwa amewahesabu,
hakukuwa na wa kuhesabu.

Leo asubuhi kaja kijana, bodaboda,
side mira inaning'inia kwa waya,
suruali imechanika gotini, vumbi hadi kope.
Kasimama mlangoni akanitukana.
Fundi gani wewe, kizuizi gani kile,
kinaanguka kama mlevi, nani atalipa kioo changu?
Nilimsogezea kigoda. Nikammiminia chai.
Akaendelea kunitukana, mimi na ukoo wangu,
na mimi sikumkatiza, sikutaka amalize;
nilikuwa nasikiliza jinsi anavyovuta pumzi
katikati ya tusi na tusi.

Nikamlipa kioo chake.

Nyuma yangu msumeno ulikuwa umeshaanza:
Namnyaki, bila kuulizwa,
anaukata mguu wa kizuizi cha nane.