Kabla Hujaingia Chini

Gari la Onésimo limelala chini mno,
hata paka wa jirani hulizunguka.
Jeki haikuingia. Ilikwaruza bampa,
naye akatukana kwa Kihispania, polepole, binti asisikie.

Belén amesikia. Ana miaka kumi na mmoja.
Anasogeza mbao mbili mbele ya matairi:
"Njoo, baba. Njoo. Bado. Hapo!"
Pua imepanda inchi mbili; jeki sasa inapita.

Kabari nyuma, breki ya mkono juu.
Theluji ya Machi, hapa Española, inadondoka kutoka kwenye bati.
Anapiga mpini, chuma kinaguna,
gari linainuka kama mtu aliyeamshwa bila kutaka.

Kisha stendi, chini ya chasisi, kulia na kushoto.
Jeki ni ya kuinulia, huwa anasema, si ya kuaminia.
Habari za kaka yake Abrán hazitaji.
Husema tu: lisukume.

Wanalisukuma kwa mabega kama wanaolidai.
Halitikisiki.
Analisukuma tena, peke yake.
Ndipo anapolala juu ya kadibodi na kuteleza gizani,

na Belén anashika buti lake la kushoto,
haliachii.