Taa Aliyoichomoa Mihambo

Mihambo aliingia Isevya saa kumi alfajiri,
lori lake likiwa kipofu,
utingo ameketi juu ya bampa na tochi ya simu,
anamwonyesha barabara tangu Sikonge
kama mjukuu anayempeleka babu msalani.

Dizeli haina makuu: ikishawaka haidai umeme.
Usiku ndio unaodai.

"Mama Fundi, altaneta imekufa,"
alisema hivyo kabla ya salamu.
Tumbaku nyuma yake ilinukia uani kwangu kote.
Fundi wa Ipole ameshaitolea hukumu,
na wa Tutuo ameshataja bei ya nyingine.

Mimi maiti naipima kwanza.
Nikafungua boneti ya ile Isuzu,
umri wa dada yangu mkubwa,
milango miwili ya mama tofauti.

Anza na mkanda, alinifundisha marehemu Sizya.
Ubonyeze katikati ya puli na puli,
ushuke pingili moja ya dole gumba, usizidi.
Lakini dole gumba la Sizya lilikatwa na feni,
likabaki nusu,
kwa hiyo mikanda yake yote ilikaza kupita kiasi
na beringi zikawa zinalia Tabora nzima,
mpaka nilipoanza kupima kwa la kwangu.

Wa Mihambo ulishuka pingili mbili.
Ubavu unang'aa kama kiatu cha Jumapili,
nyufa, harufu ya mpira ulioungua.
"Ulikuwa unalia?"
"Tangu masika. Asubuhi tu. Ukipata moto unanyamaza."
"Ukaufanyaje?"
"Niliupaka sabuni."
Utingo akatazama pembeni.

Nikafunga mwingine,
nikaisukuma altaneta kwa mtaimbo, polepole,
nikabana nati. Gumba: pingili moja.
Tukaazima betri mbili kwa Kasele, lori likawaka.
Mita ikasema ishirini na tatu na nusu.
Kanyaga mafuta. Ishirini na tatu na nusu.
Kanyaga tena.

Hapa ndipo wengine huagiza altaneta mpya.
Nikasugua waya wa ati kwa msasa mpaka ukawa mweupe.
Nikachungulia brashi: bado ndefu.
Nikaushika ule waya mwembamba,
mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo,
nikaufuata kutoka mgongoni mwa altaneta,
chini ya bomba, ndani ya ukuta wa kabini,
hadi dashibodi.

Mahali pa taa ya chaji palikuwa na tundu,
kama jino lililong'oka.

"Globu iko wapi?"
Mihambo akajikuna kisogo.
"Inawaka nyekundu njia nzima, usiku, machoni.
Juma lililopita nikaichomoa."

Nikakaa juu ya tairi.
Altaneta za zamani, Mihambo, haziamki zenyewe.
Kila ukiwasha, umeme kidogo tu huenda kuzigusa bega,
na njia yake ni humo humo,
ndani ya ile lawama nyekundu.
Mkanda ulikuwa mgonjwa, taa ikakwambia.
Wewe ukamfukuza mjumbe, naye ndiye aliyeshika ufunguo.

Alitaka kubisha.
Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati,
akatoa globu, imeviringishwa kwenye risiti ya mizani.
Hakuwa ameitupa.

Nikaichomeka. Akageuza ufunguo: nyekundu.
Akakunja uso kama aliyekutana na mdai sokoni.
Akawasha. Mita ishirini na nne, na sita,
ishirini na nane.
Taa ikazimika.
"Imeungua!"
"Imeridhika," nikamwambia.

Alinilipa nusu fedha, nusu asali,
dumu lenye nyuki wawili waliokufa maji.
Akaenda kutafuta chai.

Utingo alibaki.
Aliuliza kama naweza kumwonyesha tena,
ile ya gumba.
Tukazima injini kwanza.
Nikamshika mkono, nikauweka juu ya mkanda.
Kidole chake bado kidogo.
Tukakubaliana: kwa sasa pingili moja na unywele.