Bei ya Siku Ile

Mjomba Semkiwa, hesabu nimekuandikia
nyuma ya bahasha ileile uliyofichia vyeti,
ile ya kaki, iliyokunjwa mara nne
chini ya gazeti la kutandikia kabati, Keko Machungwa.

Hisa mia sita na arobaini za kiwanda cha saruji.
Hatukujua. Mkeo hakujua.
Tulichojua ni viatu vyako, soli imeshonwa mara tatu,
na kikombe cha uji ulichokiita chakula cha mchana
miaka yote ya karakana ya reli.
Kumbe mchana ulikuwa unanunua saruji,
na nyumba yako mwenyewe haijapigwa lipu.

Wakili yuko ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkwepu,
feni yake inazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Akasema, ada yangu ni asilimia ya thamani.
Nikauliza, thamani ipi?
Akavua miwani.

Hapo nikafundishwa kwamba karatasi moja ina bei nyingi:
bei uliyonunulia,
bei ya siku uliyokata roho,
bei ya siku muhuri utakapogongwa,
na bei anayoitaja shemeji Mbonea akiwa na njaa.

Mahakama inataka ya siku uliyokata roho.
Jumanne. Dalali wa hisa aliitafuta tarehe yako
kwa kidole, kama anayesoma ratiba ya treni:
shilingi elfu moja mia mbili na sitini.
Jumanne ile sisi tulikuwa Muhimbili
tukibembeleza blanketi la pili,
na huko mjini kengele ya soko ikagongwa,
ukafungwa.

Laki nane, elfu sita na mia nne. Jumla yako.
Wakili akatazama jumla, akatabasamu kwa huruma:
asilimia ni ya wenye vingi, dada,
wenye vichache nina kima cha chini.
Kima cha chini kilikuwa laki nne.
Ongeza tangazo la gazetini, ongeza cheti cha kifo,
nakala, viapo, kamisheni ya dalali,
soda za kikao cha ukoo kilichonichagua mimi
kwa kuwa sikuwepo.
Ulizoea kusema haba na haba.
Nami nimeona kibaba kikirudi nyuma, haba kwa haba.

Ni karani wa Temeke, Bi Tunu, aliyeninong'oneza:
mirathi yenyewe ndogo hii, jaza fomu mwenyewe,
mwandiko wako si unasomeka?
Nikajaza. Nikakosea jina la babu yako. Nikajaza tena.

Kilibaki cheti cha pili, kile cha mkono:
hisa ishirini, mashine ya kusaga, wenzako watano wa karakana.
Hiyo haina kengele wala ubao wa bei.
Mthamini akataka vitabu vya miaka mitatu
na laki sita zake mkononi kabla hajafungua kalamu.
Nikamfuata Mzee Kilimba, ndiye aliyesalia.
Akafikiri sana, akapangusa jicho moja.
"Thamani? Ilisaga," akasema.
"Mtaa mzima ulikula ugali."
Kwenye fomu nimeandika: haijulikani.

Mjane wako amepiga lipu chumba kimoja, kile cha mbele.
Hisa nyingine amekataa kuuza,
anasema zimeshazoea jina.

Jana imekuja barua, jina lako kwa herufi kubwa:
Mpendwa Mwanahisa, unakaribishwa mkutano mkuu wa mwaka.
Iwapo hutaweza kufika, teua mwakilishi.
Mkeo akafungua kabati bila neno
akanipa lile koti lako la harusi,
na mfukoni, Mjomba, tikiti za vyakula vya mikutano kumi na tisa,
hata moja haijatumika.
Nitakwenda. Nitakaa safu ya mbele.
Mwaka huu tutakula.