Ubao wa Tatu

Nyuma ya kota za Walukuba
Mutyabule hutengeneza milango.
Hajui kuogelea. Hukuambia mapema,
kabla hujaketi, kama anayetaja bei.

Nilimpelekea povu la friji mbovu ya baa,
bado likinuka bia na sangara.
Nikamchorea mavumbini: hapa nasimama, hapa maji.
"Huu ni mlango," akasema, "ila unalala."

Wa kwanza aliupinda kama gonja,
pua juu, mkia juu.
Ulikuwa na huruma ubao ule,
ulinisamehe miguu yangu yote miwili.
Lakini wimbi la Naili halisafiri.
Maji ndiyo yapitayo mbio, lenyewe limekaa
kama mwenye genge asiyeinuka kwa mteja,
na ukitaka kubaki pale pale
sharti ukimbie.
Gonja haikimbii. Ilisukuma maji kwa kifua,
ikarudi kinyumenyume, taratibu,
kama mgeni asiyejua kuaga,
hadi nikaokotwa na wavulana wa kayaki.

Wa pili aliunyoosha kwa rula.
Mbio? Niulize mimi. Nilihesabu: moja, mb—
pua ikachoma maji, mto ukaimeza,
nikaibukia mbali, mdomo umepasuka,
mchanga kwenye meno.

Mutyabule aliutazama mdomo, hakunitazama mimi.
"Kagoya, unataka mbio au msamaha?"
Vyote.
"Vyote ni laki nane na uongo juu.
Chagua kimoja. Kingine nitakuibia kidogo."

Usiku ule (haya aliniambia mkewe, Namulondo)
alichukua kijiko cha chai
akakining'iniza chini ya bomba la uani,
mgongo wake ukiyagusa maji kidogo tu,
na maji yakakivuta. Akakitoa. Yakakivuta tena.
Akaleta kisu:
maji yakafika ukingoni, yakaachia.
Namulondo akafunga bomba, bili atalipa nani?
Akalifungua.

Ndipo wa tatu.
Tumbo bapa toka kifuani hadi mkiani.
Pua imeinuka, lakini pua peke yake,
vidole vitatu; tulibishana vikawa vinne.
Mkia mwembamba, usitapetape kwenye mteremko.
Kingo za mbele za mviringo, kama za chapati;
za nyuma kali, za kisu kile.
"Maji yasikukumbatie ukiondoka," alisema,
ndevu zimejaa vumbi la msasa.
Juu yake nguo ya nyuzi za kioo, na gundi
iliyomfanya asisikie harufu ya chakula wiki nzima.
Mapezi manne mafupi, ya ubao wa plastiki wa bucha,
bado yana alama za panga.
Mimi nilitaka matatu. Alininyamazia siku mbili.
Yakabaki manne.

Jumamosi bwawani walifungua milango,
wimbi likasimama, kijani, halina subira.
Mutyabule alikuja kwa bodaboda,
akakaa mwambani, viatu mkononi.

Niliposimama, sauti ya ubao iligeuka:
haukupiga maji tena, uliyachana,
kama mshonaji anayepasua kitenge kipya.
Niliegemea kidole kimoja cha mguu
ukawa umeshafika upande wa pili,
nikaegemea kingine, ukarudi,
na kelele zote za mto zikabaki nyuma ya masikio.
Haukunisamehe lolote.
Kosa la kwanza, dogo, la kisigino,
nikawa chini ya Naili tena.

Nilitoka nikikohoa, nina hesabu mdomoni,
kumi na tisa, kumi na tisa, fundi.
Hakuuliza. Alikuwa amechuchumaa ukingoni,
yeye asiyegusa mto,
mkono umezama hadi kifundo,
bapa kwanza,
kisha ubavu.