Dakika Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyeipiga chapa barua ya kukiri:
kurasa tisa, nakala mbili, orodha ya tarehe na nani alilipia bia.
Usiku, mjini Košice, theluji ikikwaruza kioo,
bosi wangu Hrčka akinisomea kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari.

Walikuwa wanne, watengeneza majeneza.
Kila Novemba, mishumaa ya makaburini ikishazimika,
walikutana bafu la mvuke, viunoni taulo tupu,
kwa kuwa taulo haina mfuko wa kufichia kinasa sauti.
Huko ndiko bei ilikozaliwa:
msonobari, euro mia nne na themanini;
mwaloni, usiulize.
Huyu achukue hospitali, yule nyumba za wazee.
Wazo lilikuwa la Oravec. "Aliyefiwa," alisema,
"hazunguki madukani kulinganisha."

Kisha ikaja sheria ya msamaha.
Wa kwanza kukiri, hatozwi hata senti.
Wa pili, nusu.
Wa mwisho analipia karamu nzima, na sahani zilizovunjika.

Ungedhani wangetawanyika siku hiyohiyo.
La. Kwanza iliwakaza.
Kila mmoja alificha karatasi zake,
kila mmoja alijua mwenziwe anazo,
na Kmeťko alipotaka kushusha bei kidogo kule Michalovce,
Oravec alimwaga maji juu ya mawe ya moto, taratibu,
akasema: "Shusha. Kesho mimi nitakuwa wa kwanza mlangoni."
Hrčka alinisimulia hayo akicheka.
Halafu akaacha kucheka.

Mwaka wa sita Šuhaj hakutokea.
Mafua, alisema mkewe kwenye simu.
Watatu walikaa wakiitazama nafasi yake kwenye benchi,
mbao kavu katikati ya mbao zilizolowa,
na hakuna aliyetaja bei.

"Andika," Hrčka aliniambia usiku ule.
Nikapanda treni ya Bratislava, bahasha chini ya sweta,
sikulala, nilihesabu vituo kama mdaiwa.
Afisa alikuwa msichana mwenye pua nyekundu.
Akatazama saa ya ukutani, akaandika:
saa mbili na dakika kumi na moja.
Akasema, bila ubaya wowote,
"Kuna mmoja amekutangulieni."

Si Šuhaj. Šuhaj alikuwa na mafua kweli.
Ni Oravec, mwenye wazo, mwenye maji na mawe,
aliyepiga simu mlango ulipofunguliwa tu.
Walimuuliza kama aliwalazimisha wenzake.
Shinikizo halina risiti.
Mla nawe hafi nawe:
sisi tuliouza masanduku ya mwisho
tungepaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Kmeťko alifunga kiwanda, watu thelathini na mmoja.
Misumeno yake ilipigwa mnada. Nadhani unajua nani alinunua.
Msonobari ukashuka hadi mia tatu na tisini,
ukakaa hapo miezi kumi na minne,
kisha ukaanza kupanda, polepole, kila dirisha likitazama dirisha la jirani,
bila mkutano, bila taulo, bila neno la kukiri.

Sisemi ule mlango ufungwe.
Bila huo wangekuwa wangali mvukeni hadi leo,
nami ningekuwa nanakili bei zao kwa mwandiko mzuri.
Nasema tu kwamba nilirudi kwa yule msichana, pua imepona,
nikamwonyesha stakabadhi ya jeneza la mama,
mwaka wa tatu wa mapatano, euro tisini za ziada.
Akatafuta fomu. Akafungua droo, akafunga.
Akasema nimshitaki muuzaji mwenyewe.

Niliisoma tena kwenye treni ya kurudi.
Chini kushoto, kwa niaba ya muuzaji: saini yangu.
Chini kulia, mnunuzi: saini yangu,
wino uleule,
ila ya kulia imetetemeka.